Mkanda Mmoja, Kamera Nne

Kuna fundi mzee Kariakoo mwenye kibanda chembamba, kimebanwa kati ya duka la vitenge na duka la spea za pikipiki. Siku ya kwanza nilikwenda kwake nikiwa nimeshaamua: nataka Canon AE-1, ile ambayo vijana wa mjini wanaivaa shingoni hata siku ambayo haina mkanda ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo."

Akaweka mbili mezani, AE-1 na Pentax K1000, akazitoa betri zote. "Haya, piga." K1000 ikalia klak, kama kawaida yake. AE-1 ikanyamaza. Nikabonyeza tena, kimya.

"Hiyo bila betri ni jiwe," akasema. "Hii nyingine, betri yake ni ya kupimia mwanga tu. Unataka ipi?"

Nikanunua AE-1. Ujana. Nililipa shilingi 350,000. Baadaye nikaongeza K1000 kwa 280,000, nikaachiwa Zenit-E na mjomba bila kutoa hata senti, na mwisho nikaokota Canon EOS 300 kwa 90,000 kwa sababu muuzaji aliiona ni plastiki tupu. Kamera nne, za vizazi vitatu: Zenit-E ilianza kutoka kiwandani Krasnogorsk, nje kidogo ya Moscow, mwaka 1965, K1000 na AE-1 zote mbili ni za mwaka 1976, EOS 300 ni ya 1999, ilipokuwa imebaki miaka michache tu kabla ya dijitali kuzifagia.

Ukitazama bei hizo utadhani Zenit ndiyo nafuu kuliko zote. Subiri tupige hesabu ya mkanda. Mkanda wa rangi wa ISO 200, picha 36, hunifikia kwa 40,000. Kuusafisha na kuuskani ni 32,000, maana lazima niutume kwa msafiri. Jumla 72,000, yaani kila nikibonyeza kitufe nimetoa elfu mbili. Wewe weka bei za kwenu mahali pa zangu, hesabu ni ileile.

Nina daftari ambamo huandika kila mkanda umepoteza picha ngapi kwa kosa la mwanga, la fokasi au la flashi. Picha mbaya kwa sababu mtu amefumba macho siihesabu, hiyo si kosa la kamera. Mkanda wangu wa kwanza katika Zenit ulipoteza picha 14. K1000 ilipoteza 9, AE-1 ikapoteza 6, EOS 300 ikapoteza 3. Kwa shilingi ni 28,000, 18,000, 12,000 na 6,000 zilizotupwa kwa mkanda mmoja. Kwa mikanda kumi ya namna hiyo, Zenit ya bure imenila 220,000 zaidi ya EOS ya plastiki, na kwa fedha hiyo ningenunua EOS mbili na chenji ikarudi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kamera ipi, namuuliza kwanza atapiga nini, na saa ngapi.

Tuanze na mwanga, kwa sababu huko ndiko picha nyingi huharibika. Kamera zote nne zina mambo matatu yaleyale: kasi ya mkanda, kasi ya shata, na ukubwa wa tundu la lenzi. Kinachozitofautisha ni nani anayeamua. Kwenye Zenit unaamua wewe, tena kwa kubahatisha. Kipima mwanga chake ni kioo chenye vinundu kilicho juu ya lenzi, kinatumia seleni na hakihitaji betri, jambo zuri sana mpaka seleni ichoke. Ya mjomba wangu imechoka. Mshale wake unaonyesha mwanga pungufu kuliko ulivyo, nami nikautii, nikafungua tundu kupita kiasi, picha za ufukweni zikaungua zikawa nyeupe kama unga. Hata ikiwa nzima, unasoma namba juu ya kamera kisha unazihamishia mwenyewe kwenye shata na kwenye lenzi, na kasi ya mkanda imeandikwa kwa namba za Kirusi za GOST, ambazo zinakaribia ISO lakini huwa pungufu kidogo.

K1000 hupima kupitia lenzi. Unachungulia, mshale uko kulia ndani ya kidirisha, unazungusha tundu au shata mpaka ukae katikati. Basi. Kamera hii iliendelea kutengenezwa mpaka 1997 kwa sababu shule nyingi za upigaji picha ziliipenda: mwanafunzi haoni kitu kingine ila mshale. Haina swichi ya kuzima kipimo, ukimaliza unafunika lenzi na kifuniko chake ili giza liulaze mshale. Ukisahau, betri inaisha. Bahati nzuri ni LR44, kidude kama kifungo ambacho kila fundi saa anacho.

AE-1 inakupa nusu ya uamuzi. Unachagua kasi ya shata, lenzi inakaa kwenye herufi A, na kamera inachagua tundu. Ilikuwa ya kwanza duniani, kwa kamera za aina hii, kuwa na kompyuta ndogo ndani yake, na siwezi kuinyima heshima hiyo. EOS 300, kwa upande wake, inaweza kuchagua vyote. Inagawa picha katika sehemu 35 na kulinganisha mwanga wa kila sehemu kabla ya kuamua, na hata ISO inaisoma yenyewe kwenye ganda la mkanda.

Sasa mpeleke babu mwenye kanzu nyeupe na kofia nje ya msikiti saa saba mchana, kuta zimepakwa chokaa. Kipima mwanga hakijui kanzu. Kimefundishwa kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani, kwa hiyo kikiona weupe mwingi kinafunga mwanga mpaka weupe ule uwe kijivu. Uso wa babu unabaki kivuli chenye meno. Hapa ndipo tofauti ya bei inapogeuka. Kwenye K1000 unasogea hatua tatu mbele mpaka uso ujaze kidirisha, unaweka mshale sawa, unarudi ulipokuwa na kupiga bila kugusa kitu tena. Uso mweusi ukijaza kidirisha, nao kipimo kinaudhani kijivu na kuupa mwanga zaidi kidogo ya haki yake, lakini mkanda wa rangi wa negativu unavumilia ziada ya hatua moja au mbili bila kulalamika. Upungufu ndio hauvumilii. Njia nyingine ni kupima kiganja chako kikiwa kwenye mwanga uleule wa mtu unayempiga, kisha ukafungua tundu hatua moja.

AE-1 ina kitufe kando ya lenzi ambacho ukikishika kinaongeza mwanga hatua moja na nusu. Kinafaa, ila ni kipimo kimoja kwa kila tatizo, kama panado. EOS ina kitufe chenye nyota mgongoni: unaelekeza katikati ya kidirisha kwenye uso, unakibonyeza, kamera inapima asilimia 9.5 tu ya picha na kushika kipimo hicho wakati unapanga picha upya. Wengi walionayo hawajawahi kukigusa. Wakikigusa, picha tatu ninazopoteza mimi huenda zikawa moja.

Nikiwa hapohapo: wanaopeleka mkanda maabara wasiridhike na skani ya kwanza. Kwa miongo mingi maabara za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi za majaribio zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley, na ngozi zetu zikarudi ama majivu ama lami. Mashine za leo ni bora, lakini bado ukiona uso umetoka kijivu na negativu yenyewe ina maumbo kamili, kosa si la kamera yako. Mwombe fundi wa maabara auskani tena kwa kufuata uso, siyo ukuta.

Fokasi nitaipitia haraka kwa sababu macho yangu ni mazima. Zenit ya mjomba ina kioo kitupu chenye ukungu, huna alama ya kukusaidia, na lenzi yake ya Helios 44-2 ina pete mbili za tundu: unafungua yote ili uone, unapata fokasi, halafu unafunga kwa mkono kabla ya kupiga. Nikisahau kufunga, picha inaungua. Nikifunga kwanza, sioni kitu. Katika zile 14 zilizopotea, tano ni za pete hiyo. K1000 ina duara la vijipande vinavyometameta katikati na kutulia fokasi ikikaa. AE-1 ndiyo tamu kwa jicho: duara linakatwa nusu mbili, unazungusha mpaka mstari wa fremu ya mlango au ukingo wa kofia uungane.

Lakini mchana wa jua kali fokasi ni suala la hesabu kuliko jicho. Mkanda wa ISO 200, jua la utosini, unataka takriban 1/250 na f/16. Lenzi ya mm 50 ikiwa f/16 na pete ya fokasi imewekwa mita 5, kila kitu kuanzia mita 2 na nusu hivi mpaka upeo wa macho kinakuwa kikavu. Sokoni Darajani au pale Feri unaweza kutembea saa nzima bila kugusa fokasi. K1000 ni mfalme wa mtindo huu. AE-1 itakuangusha: ukiingia chini ya turubai la muuza samaki, inafungua tundu mpaka f/4 bila kukuuliza, kwa sababu wewe ulishikilia shata na yeye ndiye mwenye tundu. Ule upana wa fokasi uliokuwa unautegemea umeyeyuka. Kidirisha kinakuonyesha mshale ukishuka kwenye f/4, ndiyo, lakini nani anatazama mshale wakati jodari anapakuliwa?

EOS ina alama saba za fokasi na mota ndani ya lenzi. Watoto wanaokimbia inawapata vizuri kuliko mkono wangu. Kwenye mwanga hafifu inatafuta huku na huko kama mtu aliyepoteza funguo, na wakati huo tukio limepita.

Tufike kwenye flashi, ambako nimelia.

Ilikuwa send-off ya binamu yangu, ukumbini, usiku. Nilikuwa na K1000 na flashi ya Vivitar 283 ya mtumba, mkanda wa ISO 200. Mchana wake nilikuwa nimepiga nje kwa 1/125, na sikurudisha gurudumu la shata. Picha zilipotoka maabara, kila picha ilikuwa nusu tu. Upande mmoja shangazi anacheka, ameshika kitenge, kila uzi unaonekana, na upande wa pili ni giza, tena giza lenye mpaka ulionyooka kana kwamba mtu amevuta pazia. Ndivyo ilivyokuwa hasa. Shata ya K1000 ni mapazia mawili ya kitambaa yanayokimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwa 1/60 kuna nukta ya wakati ambapo dirisha lote liko wazi, na flashi inawaka hapo. Kwa 1/125 pazia la pili linaanza safari kabla la kwanza halijafika, na mwanga wa flashi unakuta sehemu ya dirisha imeshafungwa. Binamu yangu hakuonekana katika picha saba za kupokea zawadi. Anazo za simu za wageni, na hukumbusha kila tukikutana.

Kasi hiyo ya mwisho ya flashi ndiyo namba ambayo wauzaji hawaitaji na wewe uiulize kwanza. Zenit-E ni 1/30, na flashi yake inaunganishwa kwa waya, haichomekwi juu. K1000 na AE-1 ni 1/60. EOS 300 ni 1/90. Nikon FM2, ambayo haimo katika nne zangu kwa sababu bei yake ni mara mbili au tatu ya K1000, ilianza na 1/200 mwaka 1982 kisha ikapandishwa hadi 1/250. Mtu atauliza namba hizo zina faida gani ukumbini, na jibu ni kwamba ukumbini hazina faida kubwa. Faida iko nje, saa sita mchana, bibi harusi amevaa shela na macho yake yako ndani ya kivuli. Unataka flashi kidogo ifute kivuli. Kwa ISO 200 na shata ya 1/60, jua linadai f/32, na lenzi nyingi za mm 50 zinaishia f/16 au f/22. Haiwezekani, labda utumie mkanda wa ISO 100 na lenzi inayofika f/22. FM2 inapiga 1/250 kwa f/16 na flashi ikiwaka, bila jasho. Mwenye kazi ya harusi za mchana anayelipia FM2 hajalipia jina.

Kiasi cha nguvu ya flashi nacho ni hesabu ya darasa la tano. Flashi ina namba yake kwa ISO 100. Gawanya kwa umbali wa mtu kwa mita, unapata tundu. Vivitar 283 ina 36. Mtu yuko mita 4 na nusu: 36 gawanya kwa 4.5 ni 8, piga f/8. Ukitumia ISO 400 namba inakuwa mara mbili, 72, na kwa umbali uleule unafunga mpaka f/16. EOS 300 ina flashi yake ndogo inayoinuka kichwani, namba 12. Sebuleni inatosha. Ukumbini, lenzi ya zumu iliyokuja nayo ikivutwa mpaka mwisho inaishia f/5.6, na kwa ISO 200 mwanga wake unafika mita 3 tu. Meza ya pili utaikuta gizani, na kamera haitakuambia. Ongeza mkanda wa ISO 400 au usogee.

Kamera hiyohiyo ukiitafutia flashi kubwa, angalia umri wa flashi hiyo. Vivitar 283 za zamani zilizotengenezwa Japani zinaweza kupeleka zaidi ya volti 200 kwenye mguu wao. K1000 haijali, ndani ni chuma na springi. EOS ni kompyuta iliyotengenezwa kwa volti chache, na siwezi kumshauri mtu auunganishe mzunguko wa shilingi 90,000 na umeme wa namna hiyo. Inunulie flashi ya Canon ya kizazi chake, ambayo pia itazungumza na kamera kuhusu kiasi cha mwanga. Na kuelekeza flashi juu ili mwanga urudi laini, hiyo ni kwa dari nyeupe. Turubai la njano la harusi zetu linarudisha wageni wote wakiwa na homa ya manjano.

Gharama ndogondogo. AE-1 inataka betri ya volti 6, 4LR44, ambayo si kila duka wanayo. Ndani yake ni LR44 nne zilizopangwa mstari, kwa hiyo ukikosa, panga nne zako na uzizungushie karatasi zisilegee. EOS inataka CR2 mbili, ghali, na zikiisha usiku wa shughuli umekuwa mgeni mwalikwa. Nabeba jozi ya akiba siku zote. Kwa upande mwingine, EOS ikishapakiwa mkanda inauvuta wote nje kwanza, kisha kila picha unayopiga inarudi ndani ya ganda. Mtoto akifungua mlango wa nyuma, zilizokwisha kupigwa ziko salama. Kwenye zile tatu nyingine, zilizokwisha kupigwa ndizo zinazoungua mbele ya macho yako.

Kabla ya kutoa fedha: fungua mgongo wa kamera uguse sponji za pembeni, zikinata kama ulimbo mwanga utaingia, ingawa kubadilisha ni kazi ndogo. Mulika lenzi kwa tochi ya simu ukitafuta nyuzi kama buibui. Huko kwetu pwani ni kuvu, na imeshamaliza lenzi nyingi nzuri zilizolala kabatini. Zenit, elekeza dirishani uone mshale ukiruka. AE-1, weka sikio karibu na upige mara kumi. Ikikohoa, yaani ikitoa mlio kama mlango wa chuma usio na grisi, kioo chake kinadai mafuta ya fundi, na bei ishuke kwa kiasi cha fundi huyo.

Yangu ilikohoa baada ya mwaka. Nilimrudishia mzee wa Kariakoo, nikaongeza fedha ya mafuta, nikaiuza. Zenit niliitoa lenzi, na kwa pete ya bei ya soda mbili Helios ile sasa iko juu ya K1000, inapata fokasi mpaka upeo wa macho na kutoa nyuma ya mtu ule mduaraduara wa majani unaowapendeza vijana. Baada ya mikanda mitano K1000 ilishuka kutoka picha 9 hadi 4. Inatoka nami siku za kawaida, mshale wake mmoja, betri moja.

Jumamosi hii binamu mwingine anaolewa. Nimeweka EOS mezani, CR2 mpya mbili ndani na mbili mfukoni, mkanda wa ISO 400. Shangazi amepiga simu jana kuuliza kama safari hii wataonekana wote.